Mkungu Ukivaa Majani

Kila mwaka mkungu wa uani kwetu unapoanza kuwa mwekundu, mimi hukasirika kabla sijashika ufagio. Watu wa Chole wanaojua tabia yangu hudhani nayakasirikia majani. Majani yana kosa gani? Mti una haki ya kuvua nguo zake. Ninachokikasirikia ni maneno yaliyosemwa mbele yake, na aliyeyasema, na sisi tuliokuwepo tukayaacha yasemwe. Mzee mwenyewe amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na nimemwombea dua kwa moyo safi zaidi ya mara moja. Lakini dua ni dua na hasira ni hasira, na sijapata kuona moja ikiizuia nyingine.

Kwa asiyeujua mti huu, mkungu hukua kwa madaraja. Matawi hutoka pande zote kwa usawa mmoja, shina likapanda, kisha daraja jingine. Majani yake ni mapana, mtoto anaweza kujifunika uso mzima kwa moja. Miti mingi ya kisiwani petu hupukutika kidogo kidogo mwaka mzima hata usitambue. Mnazi utaangusha kuti, mwembe utaangusha yake machache, na mwenye nyumba hana habari. Mkungu hauna subira hiyo. Kipupwe kinapoelekea mwisho, baridi ya asubuhi ingalipo na kusi bado inavuma, majani yote huiva kwa pamoja kama matunda: manjano, kisha mekundu ya damu, kisha chini. Kwa siku chache ua mzima huwa mwekundu na mti hubaki mifupa mitupu.

Mfagiaji nilikuwa mimi. Nilikuwa na umri wa miaka kama ishirini, nimekwisha kuolewa na kuachwa, nimerudi kwa mama na ulimi wangu ule ule ulioniachisha. Nyumba ilikuwa ya wanawake: mama, dada yangu mkubwa, aliyekuja kujifungulia kwao kama ilivyo desturi, binti yake wa miaka mitano hivi, tuliyekuwa tukimlea sisi tangu mdogo, na mimi. Baba alikuwa amefariki zamani. Mume wa dada alikuwa mtu mpole wa shamba, upande wa pili wa ghuba, anakuja Ijumaa na kuondoka Jumamosi. Mwanamume wetu hasa alikuwa mjomba, kaka yake mama, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na neno lake ndilo lililokuwa paa letu. Siku hizo boma la Wadachi lilikuwa hapa hapa Chole, na mjomba alipenda kukaa barazani akiwaeleza wenzake mambo ya serikali. Mambo ya uani kwake hakuyajua.

Yule mtoto alikuwa mwulizaji, na mimi nilipenda kuulizwa. Mwaka uliotangulia mkungu ulipopukutika alikuja kunishika nguo, macho yamemtoka, akaniambia mti unaumwa. Nikamfundisha majira kwa njia niliyofundishwa mwenyewe, kwa mwili, maana mtoto hajui miezi. Masika ni paa linalovuja na nguo zisizokauka. Kipupwe ni maji ya kuoga yanayouma na shuka unayomnyang'anya mwenzako. Demani ni bahari iliyolala na mama anayekuruhusu kwenda kuoga pwani. Kaskazi ni mchanga unaounguza nyayo hata ukatembea kwa kurukaruka.

"Na mkungu?" akauliza.

"Mkungu ni mtu mwenye haraka. Wenzake hawajasikia joto, yeye anavua. Subiri kidogo, utauona unavaa mapya."

Akasubiri. Mti ukavaa. Akacheka siku nzima kana kwamba mimi ndiye niliyeuvisha. Ndivyo mtoto anavyofundishwa majira: unamwambia kweli, kisha majira yenyewe yanakuja kukushuhudia. Tangu siku hiyo akauamini ule mti kuliko watu, na hapo hakukosea.

Dada alishikwa na uchungu mwisho wa kipupwe kilichofuata, majani yanaanguka. Siku mbili. Sitaeleza zaidi, kwa kuwa nikieleza nitaanza kumlaumu mkunga, naye alifanya alichoweza. Kichanga kilitangulia, na kabla ya adhuhuri dada akakifuata. Mtoto alikuwa amekwisha kupelekwa kwa jirani, akapewa muhogo wa kuchoma na kuambiwa acheze. Desturi yetu ni hiyo, nyumba yenye maiti haikai watoto. Alasiri dada akazikwa. Nilimwosha kwa mikono hii, nikamsuka nywele zake kwa mara ya mwisho, nikasaidia kumvisha sanda. Kisha wanaume wakamchukua, maana makaburini wanawake hatuendi na jeneza. Alikolazwa sikukuona.

Matanga yakakaa siku tatu, kisha mume wa dada akarudi shamba, akatuachia mtoto na kumwachia mjomba neno. Siku ya nne mtoto akarudishwa. Mjomba alikuwepo, amekaa uani juu ya kigoda, bakora yake katikati ya magoti. Mtoto akampa mkono na kumwambia shikamoo babu, akaingia chumbani kwa mama yake. Tulimsikia akizunguka kitanda. Akatoka.

"Mama yuko wapi?"

Mama yangu akageukia ukuta. Mimi nikafungua kinywa, na Mungu ndiye shahidi wangu kwamba nilikuwa nataka kusema kweli. Mjomba akaninyanyulia mkono.

"Mama yako amesafiri," akasema.

"Amekwenda wapi?"

"Mbali."

"Atarudi lini?"

Mjomba akaangalia huku na huku, kama mtu aliyebeba mzigo anayetafuta mahali pa kuutua. Macho yake yakaangukia mkungu, ambao siku hiyo haukuwa na hata jani moja.

"Unauona mti ule? Ukivaa majani, mama yako atarudi."

Mtoto akautazama mti. Kisha akanitazama mimi, kwa sababu mambo ya mkungu mwalimu wake nilikuwa mimi. Nami nikainamisha kichwa. Yeye akadhani nimeitikia.

Hebu nisikilizeni. Mzee mzima, mwenye mashamba, mwenye kusoma khitma, alitafuta kitu cha kuahirishia kifo, na katika miti yote ya kisiwa hiki akauchagua ule usiokaa uchi hata mwezi mmoja! Angesema mbuyu, angepata miezi. Angesema mpaka mawe yaote ndevu, angepata milele. Alisema mkungu kwa sababu aliuona uko uchi, akadhani mti uliokwisha namna ile hautazinduka upesi. Alikuwa ameishi miaka zaidi ya sitini jirani na ule mti, kila mwaka unapukutika na kila mwaka unavaa, na hakuwa na habari. Angejuaje? Hakuwahi kushika ufagio. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yeye alijichagulia iliyo fupi kuliko zote, tena akatutia na sisi humo.

Mtoto alipokwenda kucheza nikamwambia, "Mjomba, mti ule utachipua kabla mwezi haujaisha."

"Mtoto husahau. Wiki moja tu hakumbuki."

"Huyu hasahau."

"Akikumbuka, basi wewe ndiye uliyemkumbusha." Akainuka. "Sitaki mtoto wa miaka mitano aambiwe habari za kaburi. Mkimwambia, msinitafute tena kwa lolote."

Alipotoka mama akanishika mkono. "Nyamaza, mwanangu. Tunaye nani mwingine?"

Nikanyamaza. Mimi, ambaye mume wangu alinipa talaka kwa sababu sinyamazi.

Asubuhi ya pili nilichukua fagio langu la chelewa nikaanza kufagia. Mtoto akaja mbio akasimama juu ya majani kwa miguu yote miwili.

"Usifagie, mama mdogo. Mti utayataka."

"Mti hauyataki tena haya. Utatoa mapya."

"Utavaa nini sasa hivi? Nataka uvae sasa hivi."

Mama na mimi tulikuwa wasusi wa mikeka, kwa hiyo vipande vya ukindu havikukosekana nyumbani. Akaviokota. Akachagua majani mazuri, yale mekundu yasiyotobolewa na wadudu, akaanza kuyafunga kwenye matawi ya daraja la chini, moja moja, kwa mafundo aliyoniona mimi nikifunga. Mafundo hayakumtii. Ulimi wake ulikuwa nje kwa bidii. Alifunga majani kumi na moja siku ile ya kwanza, na alipoishiwa na urefu akaja kuniomba nimnyanyue.

Nikamnyanyua. Hili nalo nalisema, lisije likaonekana kosa lote ni la mzee mmoja. Nilimshika kiuno nikamwinua juu akafunge majani yaliyokufa kwenye mti, ili mama yake aliyekufa apate kurudi, nami nikamwambia, "Vizuri, kaza hapo."

Sikufagia tena. Ua ukawa kama pori. Jirani akapita akasema uchungu umetufanya wachafu.

Wiki ya tatu, kwenye ncha za matawi, vikatokea vile vitu ninavyovijua: chipukizi zilizojikunja, zimesimama kama mishumaa, na manyoya laini ukizigusa. Mama aliziona kabla ya mtoto. Akajitanda kanga akaenda kwa kaka yake, na mjomba akaja, akasimama chini ya mkungu, akainua kichwa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuutazama.

"Kumbe mapema hivi?"

"Kila mwaka, mjomba. Tangu ulipoota."

Akatafuna midomo. Nilidhani sasa atamwita mtoto, ampakate, amwambie. Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote, na mtoto alikuwa karibu, ndani, anakula. Mjomba akasema, "Ziondoe."

"Nini?"

"Hizo chipukizi. Zivunje kabla hajaziona. Zikitoka nyingine, zivunje tena. Akipata mwezi mwingine mmoja atasahau."

Nilicheka. Kweli nilicheka, nikidhani amefanya mzaha. Akanitazama kwa macho ambayo hayakuwa na mzaha hata kidogo. Mama naye akanitazama, macho ya mtu aombaye.

Ningeweza kukataa. Nikilifikiria hilo hasira hunirudia. Hakunishika mtu kwa nguvu. Mwanamke aliyemshinda mume wake kwa maneno alishindwa na mzee mmoja mwenye bakora, kwa sababu mzee alikuwa mjomba, na mjomba hajibiwi. Asubuhi iliyofuata, baada ya kusali alfajiri, mtoto akiwa bado amelala, nilifunga kanga kiunoni nikapanda. Matawi ya mkungu hayana taabu kupanda, ni kama ngazi. Nilizivunja chipukizi za madaraja mawili ya chini, nikazitia kwenye kanga, nikaenda kuzitupa nyuma ya choo. Zile za juu sikuzifikia. Mtoto alipoziona baadaye akauliza ni nini, nikamwambia ni majani ya zamani ambayo hayakuanguka. Uongo ukishapewa kiti huita ndugu zake.

Nikafanya hivyo asubuhi saba au nane. Mti ulikuwa unatoa, mimi navunja. Utomvu ukanipaka vidole rangi ya kahawia isiyotoka hata kwa mchanga. Mama aliviona vidole vyangu tukisuka, akageuza macho kwenye ukili wake.

Na mtoto? Mtoto alianza kuutibu mti. Aliniambia, kwa sauti ya mkubwa anayemwonea huruma mdogo, "Mama mdogo, mwaka huu mti umeshindwa kuvaa. Labda una njaa." Nikaona sisimizi wamejaa kwenye shina, nikainama, nikakuta uji. Siku nyingine nikakuta wali. Siku nyingine kipande cha samaki, amekifukia vizuri kwenye mchanga. Tulikuwa tukimpa chakula chake, anatoka nacho uani, na sisi tukifurahi kwamba sahani imerudi tupu. Kwa siku ngapi? Sijui. Nilimkamata mkono nikaona kifundo kimetokeza, bangili yake ya shanga imepanda hadi karibu na kiwiko. Mashavu aliyokuwa nayo yalikuwa yamekwenda kwenye mizizi ya mkungu.

Nilimwambia mama, "Mtoto huyu atatufia." Mama akasema tumpeleke kwa mwalimu akasomewe. Kusomewa nini? Ugonjwa ulikuwa ndani ya kanga yangu.

Siku aliyonikamata ilikuwa asubuhi yenye ukungu kidogo. Nilikuwa daraja la pili, mkono mmoja umeshika tawi, mwingine unavunja, nikasikia nyuma yangu mlango wa uani ukilia. Nikageuka. Amesimama, bakuli la uji mkononi, la jana, alilolificha chini ya kitanda ili aupe mti mapema. Akanitazama mimi. Akaitazama kanga yangu iliyojaa chipukizi. Akatazama ncha za matawi, zilizokatika, mbichi. Alikuwa mtoto mwenye akili na haikumchukua muda.

"Kumbe wewe ndiye unayemzuia mama asirudi," akasema.

Hakulia. Aliliweka bakuli chini polepole, asimwage, akaingia ndani.

Nilishuka. Sikupita chumbani kutafuta kanga ya kichwa. Niliishika ile niliyonayo na vilivyomo, nikatoka mlango wa mbele, kichwa wazi, miguu mitupu, nikaenda moja kwa moja kwenye baraza la mjomba. Wazee walikuwa wanakunywa kahawa. Wakainua nyuso zao, na mmoja akageukia ukuta kwa haya. Mimi sikuwa na haya. Haya ningepaswa kuwa nayo siku nilipopanda.

"Shikamoo, mjomba."

Kwa mazoea akajibu, "Marahaba."

Nikafungua kanga nikamwagia chipukizi zote pale kwenye jamvi, mbele ya vikombe.

"Hizi zako. Ulinituma, nimekuletea. Na mtoto wa dada yangu anaulisha mti chakula chake, amebaki mifupa. Akifa, njoo umwambie dada kule aliko kwamba ulikuwa unamsahaulisha."

"Una wazimu? Rudi nyumbani ukajifunike!"

"Nitajifunika. Nikishajifunika namwambia mtoto. Ukitaka kututupa, tutupe. Tutakula mikeka."

Sikungoja jibu. Nilisikia nyuma mmoja wa wazee akiuliza, "Majani ya nini haya?"

Nilimkuta mtoto amekaa kwenye kitanda cha mama yake. Nikakaa chini, sakafuni, niwe mfupi kuliko yeye. Nikamwambia. Mama yako hakusafiri. Mama yako amekufa, na mdogo wako aliyekuwa tumboni amekufa. Aliyekufa harudi, mkungu uvae usivae. Babu alisema uongo, bibi yako na mimi tukanyamaza, na mimi nikavunja majani ili usijue. Niliyasema kwa maneno mafupi kama hayo, maana mengine sikuwa nayo.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe mwongo," akasema.

Alikuwa amesema kweli. Mwaka mzima nilijenga imani ya yule mtoto kwangu, kwa masika na kipupwe na demani, nikaivunja chipukizi moja moja kwa mkono wangu.

Nikasema nitamwonyesha kaburi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba silijui. Nilimwosha mtu, nikamsuka, na sikujua alikolala! Ilinibidi kurudi tena kwa yule yule. Nilimkuta mjomba peke yake, wenzake wameondoka, chipukizi zimenyauka pale pale kwenye jamvi, hakuziondoa. Nilimwambia nataka kaburi la dada. Nilijiandaa kwa matusi. Akachukua bakora, akavaa viatu, akatangulia.

Tulikwenda watatu, yeye mbele, mimi na mtoto nyuma. Njiani, bila kugeuka, akasema, "Mimi nilidhani ule mti huchukua mwaka mzima kuvaa."

Ndio msamaha pekee niliopata kuusikia kwake. Kama ulikuwa msamaha.

Kaburi lilikuwa tuta la mchanga na mawe ya pwani, na kuti la mnazi lililochomekwa kichwani, limekauka. Mjomba akasoma Fatiha, sauti ikamkatika katikati, akaianza upya. Mtoto akalishika lile kuti.

"Hili litachipua?"

"Halichipui," nikasema.

Akaangalia tuta. "Huu ni mchanga tu," akasema, na tukarudi. Hakuniamini. Alikuwa na sababu zake, nami sikuwa na la kufanya ila kuuacha mti useme.

Nikauacha. Kila asubuhi alitoka kabla yangu akakaa mlangoni kuhakikisha sipandi. Alinilinda kama mtu anavyomlinda mwizi. Lakini alikula. Alisema anakula ili awe na nguvu za kunilinda, na mimi nikasema vizuri. Demani ikaingia, upepo ukapoa, bahari ikatulia. Mkungu, ulionyanyaswa namna ile, ukatoa majani kwa fujo, makubwa, ya kijani kinachong'aa, daraja kwa daraja hadi chini. Asubuhi moja mtoto akatazama juu, hakuona tawi lililo uchi.

Akamwomba bibi yake amwogeshe. Akataka mafuta, wanja na kanga yake ya Idi. Akaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, miguu pamoja, mikono mapajani. Mama alishindwa, akaingia chumbani akajifungia. Mimi nikakaa naye. Watu wakapita, wakatusalimu, tukaitikia. Kila mwanamke aliyetokea pembeni mwa msikiti amejitanda, mtoto alinyooka mgongo, kisha akaulegeza. Adhuhuri ikaadhiniwa. Alasiri ikaadhiniwa. Wanja ukawa umeshuka hadi mashavuni, ingawa sikumwona akilia. Nilikuwa na hasira siku ile, na nilimwona mjomba kwa mbali akitoka msikitini, akatuona pale kizingitini, akageuka akapita njia ya nyuma.

Jua lilipoanza kushuka akainuka mwenyewe akaenda uani. Nikamfuata. Alikuwa amesimama chini ya daraja la kwanza. Kati ya majani mapya yalikuwepo yale yake, yaliyofungwa kwa ukindu, kahawia sasa, yamejikunja na kutoboka, yanakwaruzana kwenye upepo.

"Haya yangu mbona hayakuwa mabichi?"

"Yalikwisha kuanguka," nikasema. "Mti hauyarudishi. Haya unayoyaona ni mengine."

"Yale yale hayarudi?"

"Hayarudi."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

Kisha akanyoosha mikono juu, na mimi nikaelewa, nikamshika kiuno nikamnyanyua. Akafungua mafundo yake moja moja. Yaliyokataa akayang'ata kwa meno. Kila jani alilolifungua aliliangusha chini, hakulitazama. Alipomaliza nikamshusha. Akaenda pembeni, akaleta fagio la chelewa, akanipa.

"Fagia," akasema.

Nikafagia. Ndipo alipolia, nyuma yangu, na mimi sikugeuka mpaka ua ukawa safi, kwa kuwa ndivyo alivyotaka.

Leo boma limehamishwa, Wadachi wenyewe wameondoka, na mjomba yuko mchangani karibu na dada. Yule mtoto ni mke wa mtu, anakaa Juani, kisiwa cha jirani, ana binti wa miaka minne. Kila mwaka kipupwe kinapokwisha huvuka kuja kutusalimu. Mwaka huu nilimsikia uani, binti yake akimuuliza kwa nini mti umekuwa hivi, na yeye akimjibu bila kusita, kwa maneno machache, kwamba majani yamekufa, hayatarudi, yatakuja mengine. Binti akasema haya, akaenda kuchezea mchanga.

Kisha akaingia ndani nilipokuwa nasuka, akanibusu mkono, akakaa. Akanitazama vidole. Kila mwaka huniuliza swali lile lile, akitabasamu kidogo, na mpaka leo sijajua kama ni utani.

"Mama mdogo, mwaka huu utayaacha?"

"Nitayaacha, mwanangu," nikasema.

Na siku mbili zile alizokaa kwetu, kila alfajiri nilipoamka kusali, nilimkuta ametangulia, amekaa mlangoni, uso wake kwenye mti.